Mji Mmoja, Ngazi Mbili: Wacheki na Wajerumani wa Mikoani

Nimepotea kidogo, si kwa kupenda, ni hizi semina zilizobanana kama abiria wa daladala ya jioni. Leo sina stori za bweni wala za bumu. Kuna mada moja imenikaa kichwani wiki nzima. Nimeisoma kwa ajili ya somo la historia ya Ulaya, na nimeona nisipoiandika hapa sitalala. Ni habari ya Wacheki na Wajerumani kwenye miji ya mikoani, huko Bohemia na Moravia. Nchi hizo leo ziko ndani ya Jamhuri ya Cheki, na mpaka 1918 zilikuwa chini ya watawala wa Habsburg, makao makuu Vienna.

Najua mtu ataanza: sasa wewe na Wacheki wapi na wapi? Subirini basi. Ndani ya stori hii kuna bia, kuna fomu za sensa, kuna watoto wanaogombewa kama mpira wa kona, na kuna fundi seremala wa miaka 20 aliyekufa kwa sababu watu wake walidai chuo kikuu. Sisi tunaolalamikia foleni ya kantini kila siku, hebu tusikilize kidogo.

Ukisoma vitabu vile vifupi vya kukaririа mtihani, utaambiwa hivi: palikuwa na mataifa mawili, Wacheki na Wajerumani, yaliishi pamoja miaka mingi, yakachukiana, mwishowe moja likafukuzwa. Kwisha habari. Mimi baada ya kusoma nimebaki na hoja moja tu, na ndiyo nataka kuiweka mezani: kwenye miji ile ugomvi ulitangulia, na pande mbili zikafuata. Yaani watu wengi hawakuwa Wacheki kamili wala Wajerumani kamili mpaka pale mashindano yalipowalazimisha kuchagua. Na wakishachagua, chaguo likaandikwa kwenye karatasi. Hiyo karatasi ndiyo mtakayoiona mwishoni, na haitawafurahisha.

Tuanze na mji wenyewe. Budweis, ambao Wacheki wanauita České Budějovice, uko kusini mwa Bohemia. Ulianzishwa na mfalme Přemysl Otakar wa Pili mwaka 1265. Karne ya 19 ulikuwa mji wa mkoani tu, lakini wenye pilika. Palikuwa na reli ya kukokotwa na farasi iliyofika mpaka Linz kule Austria, ikakamilika 1832. Kiwanda cha penseli cha Hardtmuth kilihamia pale kutoka Vienna mwaka 1848. Na bia, bila shaka, tutaifikia. Ofisini na kwa matajiri kilitawala Kijerumani. Vijiji vingi vya jirani viliongea Kicheki. Sokoni watu walichanganya. Mtu aliweza kusali kwa Kicheki, kuandika mkataba kwa Kijerumani, na kugombana na mkewe kwa zote mbili. Ukimwuliza wewe ni nani, jibu la kawaida lilikuwa kwamba yeye ni mtu wa Budweis. Basi.

Kulikuwa na desturi moja iliyonifurahisha sana. Familia za vijijini za Bohemia na Moravia zilikuwa zinabadilishana watoto. Mtoto wa nyumba ya Kicheki anapelekwa kukaa kwenye nyumba ya Kijerumani miezi kadhaa au mwaka mzima, na wa kule anakuja huku. Anakula nao, anachunga nao, anarudi na lugha ya pili kichwani. Hakuna ada, hakuna wizara. Waliita handl, neno lililotoka kwenye Kijerumani lenye maana ya biashara. Na kweli ilikuwa biashara safi: lugha mbili zilikuwa mtaji. Mzazi wa aina hiyo ukimwambia achague mtoto wake awe wa lugha gani, atakushangaa. Kwa nini nichague moja wakati naweza kumpa mbili?

Sasa, dada mmoja kwenye semina yetu akauliza swali ambalo nadhani ndilo lenyewe: "Kama walikuwa wanaelewana hivyo, walianza kugombana kwa ajili ya nini?" Jibu langu ni ngazi. Nieleze.

Kabla ya miaka ya 1860, kijana wa kijijini aliyekuja mjini kutafuta maisha alikuta ngazi moja tu ya kupandia. Jeshi, mahakama, biashara kubwa, chuo kikuu, vyote vilikuwa kwa Kijerumani. Anajifunza, anapanda, anaoa mjini, na wajukuu wake wanakuwa Wajerumani bila mtu kupiga kelele. Mji unabaki wa Kijerumani ingawa damu yake inatoka vijijini kila mwaka. Kisha kuanzia 1860 na 1861 dola ikaruhusu mabunge, uchaguzi wa madiwani, magazeti na vyama. Wasomi wa Kicheki wakajenga ngazi ya pili: shule zao, magazeti yao, benki za kuweka akiba, vyama vya kuimba na vya mazoezi ya viungo. Sasa kijana yule yule akifika mjini anakuta ngazi mbili. Na ngazi, ndugu zangu, haina maana bila wapandaji. Kila upande ukaanza kuvuta watu. Hapo ndipo kasheshe lilipoanza.

Msidhani waliokuwa wanavuta walizaliwa huko walikokuwa wanavutia. Chama cha mazoezi cha Wacheki, Sokol, kilichoanzishwa Prague 1862, kilikuwa moyo wa uzalendo wa Kicheki kila mji. Waanzilishi wake wawili, Miroslav Tyrš na Jindřich Fügner, wote walitoka kwenye nyumba za wanaoongea Kijerumani, na majina yao ya kwanza walipewa kwa Kijerumani: Friedrich na Heinrich. Walichagua Ucheki ukubwani. Na upande wa pili ni hivyo hivyo: Konrad Henlein, aliyekuja kuwaongoza Wajerumani wa mipakani mpaka mikononi mwa Hitler, mama yake alikuwa wa ukoo wa Dvořáček. Jina la Kicheki hilo, halina mjadala.

Basi mji ukaanza kujigawa kama amiba. Budweis ikawa na Beseda, nyumba ya jumuiya ya Wacheki, na Deutsches Haus ya Wajerumani. Brno, mji mkubwa wa Moravia ambao Wajerumani waliuita Brünn, ukajenga Besední dům mwaka 1873 na Deutsches Haus mwaka 1891. Kwaya mbili, benki mbili, magazeti mawili, mazoezi mawili. Ukitaka kunywa kahawa unafikiri kwanza mlango upi. Halafu ikaja kauli ya kususiana: svůj k svému, yaani kila mtu kwa wa kwake. Nunua kwa mwenzako. Wajerumani nao wakawa na ya kwao ya namna hiyo hiyo. Fikiria wewe ni muuza mikate, umezoea wateja wa lugha zote, asubuhi unaambiwa uandike kibao cha duka kwa lugha moja. Ukiweka mbili, pande zote wanakununia.

Hapa ndipo bia inapoingia. Wenyeji wa Budweis waliokuwa na haki ya kupika bia walianzisha kiwanda chao 1795, na kwa vile wenye mji walikuwa zaidi wa Kijerumani, kikaonekana cha Wajerumani. Mwaka 1895, miaka 100 kamili baadaye, Wacheki wakafungua cha kwao cha hisa, na mmoja wa vinara alikuwa mwanasheria August Zátka, kiongozi wa Wacheki wa mji ule. Hicho ndicho leo kinaitwa Budvar. Wakati huo kampuni ya Marekani, Anheuser-Busch, ilikuwa imeshaanza kuuza bia yake ya Budweiser tangu 1876. Kesi za jina zimeendelea zaidi ya miaka 100, na mpaka leo Budvar ni mali ya serikali ya Cheki. Cheka kidogo: kiwanda kilichozaliwa ili Wacheki wasinywe bia ya Wajerumani kimetumia mamilioni mahakamani kutetea neno la Kijerumani.

Tuache bia, twende kwenye karatasi.

Tangu 1880 sensa ya Austria iliuliza lugha mtu anayotumia kila siku. Haikuuliza taifa wala lugha ya mama. Ukishindwa kuamua? Hakuna nafasi ya mbili. Chagua moja. Mji wa Budweis mwaka ule ulitoka karibu nusu kwa nusu. Swali lilionekana la kitaalamu tu, lakini wanasiasa wa pande zote walilisoma kama kura. Mwenye nyumba ndiye aliyejaza fomu, kwa hiyo yaya wa kijijini anayemhudumia bwana wa Kijerumani aliandikwa Kijerumani, maana lugha ya kila siku humo ndani ndiyo hiyo. Wafanyakazi waliwaogopa waajiri. Wayahudi wa miji hii, ambao wengi walisoma kwa Kijerumani, walijikuta kila mara wanalaumiwa na Wacheki kwa kuhesabiwa upande ule, na Wajerumani wenye siasa kali hawakuwataka pia. Sensa ikawa vita ya kila miaka 10.

Kwetu Tanzania swali la kabila liliulizwa kwa mara ya mwisho kwenye sensa ya 1967. Nilikuwa naliona hilo ni jambo dogo la kitakwimu. Baada ya kusoma habari za Budweis naona ni jambo la kushukuru.

Uwanja wa pili ulikuwa shule. Mwaka 1880 huo huo zilianzishwa jumuiya mbili kubwa: Deutscher Schulverein ya Wajerumani na Ústřední matice školská ya Wacheki. Kazi yao ilikuwa kuchangisha fedha na kufungua shule za watoto kwenye miji na vijiji vilivyochanganyika. Kwa kuwa mtoto mmoja akihamia shule ya upande wa pili ni hasara, walishindana kuwavuta: chakula cha mchana bure, nguo, viatu, zawadi za Krismasi. Wazazi maskini hawakuwa wajinga. Mwaka huu viatu vya Wacheki, mwakani koti la Wajerumani. Wanasiasa walikasirika mno na watu hawa, wakawaita wasaliti na vigeugeu. Mimi nawaona kama wazazi wale wa handl, waliokataa kuambiwa kwamba mtoto ana lugha moja tu.

Halafu ukaja mwaka 1897. Waziri mkuu wa Austria, Kasimir Badeni, mtu wa asili ya Kipolandi, akatoa amri kwamba watumishi wa serikali katika Bohemia na Moravia wajue lugha zote mbili ifikapo katikati ya 1901. Kwenye karatasi ni haki tupu. Lakini angalieni hesabu yake: karani wa Kicheki alikuwa tayari anajua Kijerumani, maana bila hicho asingesoma. Karani wa Kijerumani mara nyingi hakujua Kicheki, na hakuona sababu ya kujua. Kwa hiyo amri ya usawa ilimaanisha kwamba ajira zitahama. Ishu ilikuwa mkate wa mtu, siyo mashairi ya lugha ya mama.

Moto ukawaka. Mbunge wa Brno, Otto Lecher, alihutubia bunge la Vienna saa 12 mfululizo ili kuzuia shughuli zisiendelee. Badeni mwenyewe alipigana kwa bastola, ana kwa ana, na mbunge mzalendo wa Kijerumani, Karl Hermann Wolf, akajeruhiwa mkono. Mwandishi Mark Twain alikuwa Vienna wakati ule na akaandika habari za vurugu hizo za bungeni. Polisi wakaingia ndani kuwatoa wabunge. Novemba 1897 Badeni akaondoka, na sasa Wacheki ndio wakafanya fujo Prague, maduka ya Wajerumani na ya Wayahudi yakavunjwa, sheria ya kijeshi ikatangazwa. Mwaka 1899 amri zote zikafutwa. Hakuna aliyepata kitu, ila kila mji wa mkoani ulijua sasa nani yuko upande gani.

Sasa tuhamie Brno, maana hapa ndipo stori inapotuhusu sisi watu wa chuo.

Mwaka 1882 chuo kikuu cha Prague, cha tangu 1348, kiligawanywa mara mbili, cha Wacheki na cha Wajerumani. Moravia haikuwa na chuo kikuu kabisa. Brno ilikuwa na vyuo vya ufundi, cha Kijerumani na, tangu 1899, cha Kicheki. Wacheki wakadai chuo kikuu kamili. Baraza la mji lilikuwa la Wajerumani na likasema hapana. Kwa nini chuo kiwatishe watu hivyo? Kwa sababu chuo kinaleta maprofesa, mawakili, madaktari na wanafunzi, yaani wapiga kura na walipa kodi. Na uchaguzi wa madiwani ulikwenda kwa matabaka: wapiga kura waligawanywa kufuatana na kodi wanayolipa, wachache matajiri wakawa na viti sawa na maelfu ya watu wa chini. Isitoshe, wafanyakazi wengi wa Kicheki wa viwanda vya nguo waliishi vitongoji vilivyokuwa nje ya mpaka wa mji, kwa hiyo kwenye kura za Brno hawapo. Mji ulilindwa kwa mistari ya ramani. Chuo kikuu kingepitisha watu katikati ya mistari ile.

Tarehe 1 Oktoba 1905 Wajerumani wakaitisha mkutano mkubwa Brno kupinga chuo cha Kicheki. Wacheki nao wakakusanyika, wengi Besední dům. Mapigano ya mitaani, mawe, fimbo, jeshi likaitwa. Katika siku hizo askari alimchoma kwa singe kijana mmoja, František Pavlík, fundi seremala, wa miaka 20. Akafa. Kwa vyovyote Pavlík asingekuja kukaa darasani kwenye chuo kile. Alikuwa mtu wa randa na misumari. Alikufa kwa ajili ya lekcha za watu wengine.

Leoš Janáček, mtunzi wa muziki aliyeishi Brno, alitunga kipande cha piano na jina lake ni tarehe tu: 1. X. 1905. Kilikuwa na sehemu tatu. Ya tatu aliichoma moto kabla ya onyesho la kwanza mwaka 1906, na baadaye mbili zilizobaki akazitupa mto Vltava. Zimetufikia kwa sababu mpiga piano alikuwa na nakala. Nimezisikiliza usiku kwa spika za kompyuta, jirani zangu bwenini wakauliza nani kafiwa.

Chini ya miezi miwili baadaye, Novemba 1905, wanasiasa wa Moravia wakafikia mapatano. Watu huyasifu kama mfano wa busara, na kweli yalipunguza damu. Wapiga kura wakagawanywa kwenye orodha mbili, Wacheki huku, Wajerumani kule, kila upande unachagua wabunge wake, kwa hiyo hakuna tena kupambana kwenye sanduku moja. Lakini ili mfumo ufanye kazi, kila mpiga kura lazima awe kwenye orodha mojawapo. Na sheria ya shule iliyoambatana nayo, iliyojulikana kwa jina la mbunge Perek, ilisema mtoto kwa kawaida aandikishwe tu kwenye shule ambayo lugha yake anaijua. Kuanzia hapo bodi za shule zikaanza kudai watoto "wao" kutoka shule za upande wa pili, hata mzazi akikataa. Watoto wanapewa mtihani wa lugha ili ijulikane ni wa nani. Amani ilipatikana, bwana, lakini kwa bei ya kwamba yule mtu wa katikati, wa lugha mbili, sasa hana mahali pa kuandikwa.

Budweis nao walizungumza mapatano ya aina hiyo, wakafikia makubaliano mwaka 1914. Tarehe mnaijua. Vita Kuu ikaja kabla hayajaanza kutumika.

Mwaka 1918 dola ya Habsburg ikaanguka na Chekoslovakia ikazaliwa. Meza ikageuka. Budweis, ambako meya alikuwa Mjerumani tangu 1903, Josef Taschek, ikapata uongozi wa Kicheki. Brno ndiyo nzuri zaidi: mwaka 1919 vitongoji na miji midogo 23 ikaunganishwa na mji, na mara Wacheki wakawa wengi. Mistari ya ramani ile ile, safari hii imechorwa na mkono mwingine. Mwaka huo huo wa 1919 chuo kikuu kikafunguliwa Brno, chuo kikuu cha Masaryk. Miaka 14 baada ya Pavlík. Na sehemu za mpakani, Wajerumani walioandamana Machi 4, 1919 wakitaka kujiunga na Austria walipigwa risasi na askari katika miji kadhaa, wakafa zaidi ya 50. Sasa nao wakawa na mashahidi wao wa kuwakumbuka.

Yaliyofuata ni mazito na mengi mnayajua, nitapita haraka. Mwaka 1938 Munich, Hitler akapewa maeneo ya mipakani. Machi 1939 akachukua Bohemia na Moravia zote. Tarehe 17 Novemba 1939 Wanazi wakafunga vyuo vikuu vya Kicheki, wakawaua watu tisa waliohusishwa na vyama vya wanafunzi, na wanafunzi kama 1,200 wakapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Ndiyo sababu Novemba 17 ni siku ya wanafunzi duniani. Kule Brno bweni la wanafunzi la Kounic lilivamiwa, kisha likageuzwa kuwa gereza la Gestapo, na mamia ya watu wakauawa uani. Bweni, jamani. Vyumba kama hivi tunavyogombania kila mwanzo wa muhula.

Na Mei 1945 ikawa zamu nyingine. Usiku wa Mei 30, Wajerumani wa Brno wapatao 20,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee, kwa kuwa wanaume vijana walikuwa vitani au mateka, walitolewa majumbani na kutembezwa kwa miguu kuelekea mpaka wa Austria. Wengi walikwama Pohořelice, na mamia wakafia pale kwa maradhi na uchovu. Kwa nchi nzima, karibu Wajerumani milioni tatu waliondoshwa.

Sasa lile swali la karatasi. Mwaka 1945 utajuaje Mjerumani ni nani, kwenye mji ambao bibi ni wa lugha hii na babu wa lugha ile? Amri namba 5 ya rais Edvard Beneš, ya Mei 1945, iliyohusu mali, ilijibu: ni Mjerumani yule ambaye kwenye sensa yoyote tangu 1929 alijiandikisha hivyo, au alijiunga na vyama vyao. Basi. Karani alifika mlangoni 1930, umejaza kisanduku, pengine kwa sababu ya ajira, pengine kwa sababu ya mume, pengine kwa sababu ndiyo ukweli wako. Miaka 15 baadaye kisanduku kile kinaamua nyumba ni ya nani na barabara ni ya nani.

Msinielewe vibaya. Siweki kila kosa kwenye mizani moja. Wanazi walifanya walichofanya, na hasira ya 1945 haikutoka hewani. Na madai ya Wacheki ya miaka ya 1860 yalikuwa ya haki: mtu kutaka mahakama imsikie kwa lugha yake, na mwanawe asome mpaka juu bila kulazimika kuwa mtu mwingine, ni haki. Ninachosema ni kwamba njia waliyopita pande zote ilikuwa moja: kumhesabu mtu, kumpa upande, kisha kumwadhibu kwa upande aliopewa. Madai ya shule na ajira yalikuwa na majibu. Mji unaweza kujenga shule mbili. Lakini ukishamwambia mtu kwamba yeye mwenyewe ndiye kiti kinachogombaniwa, hana tena mahali pa kukaa.

Mwaka 2015, miaka 70 baada ya matembezi yale, baraza la mji wa Brno lilitangaza rasmi kusikitishwa kwake, na watu wakatembea njia ile ile kwa upande wa pili, kutoka Pohořelice kurudi Brno. Walikuwemo vijana wa umri wetu. Haiwarudishi waliokufa, na wapo Wacheki waliolipinga tamko lile. Ila nimeipenda sana ile hatua ya kugeuza tu mwelekeo wa miguu.

Wiki ijayo nawasilisha hii semina. Dada yule wa swali amekwisha niambia atakuwa kiti cha mbele na ana maswali mengine matatu, kwa hiyo mniombee. Nawasilisha kwenu kwanza, wanablogu wenzangu, mnipige msasa. Alamsiki.